Babu wa Kijerumani: Tafuta Kijiji Kabla ya Jina

Wapo watu wengi Tanzania ambao nyumbani husimuliwa kwamba babu wa babu alikuwa Mjerumani: bwana wa shamba la mkonge huko Tanga, fundi wa reli, afisa wa Schutztruppe, yaani jeshi la kikoloni, au mmisionari aliyekuja akakaa kisha akarudi kwao. Wapo pia waliooa au kuolewa Ujerumani, na sasa watoto wamekua na wanauliza upande ule mwingine wa ukoo umetokea wapi. Wakianza kutafuta, karibu wote hufanya jambo lile lile. Huandika jina la ukoo kwenye kompyuta, Schmidt au Müller, wakaletewa watu wasiohesabika. Baada ya muda mfupi wameacha.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanaufuata: Mjerumani wa kijijini hatafutwi kwa jina, hutafutwa kwa kijiji. Mpaka mwaka 1871 hapakuwa na nchi moja iitwayo Ujerumani. Palikuwa na falme, himaya ndogondogo na miji huru, kila moja na sheria zake za kuandikisha watu, na hata leo hakuna jengo moja lililokusanya vizazi vyote vya Wajerumani. Mtu aliandikwa pale alipobatizwa, alipofunga ndoa na alipozikwa, na kwa mkulima mara nyingi pote hapo palikuwa kanisa moja. Ukiwa na kijiji na nusu ya jina, utafika. Ukiwa na jina zima bila kijiji, utazunguka tu.

Kijiji hicho hakipatikani Ujerumani. Kinapatikana kwenye sanduku la bibi. Angalia nyuma ya picha za zamani, maana wapiga picha walizoea kuchapa jina la mji wao kwenye kadibodi. Angalia bahasha za barua, Biblia, vyeti vya shule, hati za meli. Waulize wazee, na uandike wanavyotamka, hata kama unajua si Kijerumani sahihi. Jina lililobaki nyumbani kama Shimiti linaweza kuwa Schmidt, Schmitt, Schmid au Schmied, na huko kusini mwa Ujerumani watu hutamka B na P, D na T, G na K kwa namna inayokaribiana, kwa hiyo hata karani wa kwao aliandika alivyosikia. Usilisahihishe jina mapema. Liache na sura zake zote.

Wamisionari ndio rahisi kuliko wote. Mtu aliyetaka kutumwa na shirika la misheni alitakiwa kwanza kuandika maisha yake kwa mkono wake: alizaliwa wapi, baba alifanya kazi gani, aliokoka lini. Ndiyo maana tunajua bila shida kwamba Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alizaliwa mwaka 1810 Derendingen katika ufalme wa Württemberg, na mwenzake wa Rabai, Johannes Rebmann, alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, si mbali na Stuttgart. Wote wawili walitoka vijijini. Kama ukoo wenu unamkumbuka mmisionari wa Moravian wa Rungwe, nenda kwenye hazina ya nyaraka ya Herrnhut, maana Wamoravian walikuwa na desturi ya kila muumini kuandika habari za maisha yake ili zisomwe siku ya mazishi. Karatasi za misheni ya Leipzig, iliyofanya kazi Kilimanjaro kuanzia mwaka 1893, zinatunzwa Halle, na za misheni ya Berlin ziko Berlin kwenyewe.

Wanajeshi ni kazi ngumu zaidi. Kumbukumbu za jeshi la Prussia ziliteketea Potsdam kwa mabomu Aprili 1945, na hasara hiyo haikufidiwa. Lakini Bavaria ilitunza zake München, Württemberg Stuttgart, na za Baden ziko Karlsruhe, kwa hiyo kujua babu alitoka jeshi la ufalme upi kunaweza kuokoa kazi yote. Kwa watumishi wa serikali ya kikoloni, tazama majalada ya Ofisi ya Makoloni, yaani R 1001, katika hazina ya taifa mjini Berlin, na majalada ya Kijerumani katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Magazeti ya wakati ule, kama Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam na Usambara-Post la Tanga, yalitangaza walioshuka melini, walioajiriwa na waliofariki.

Niseme na hili, maana kulificha hakusaidii. Mtoto aliyezaliwa na mwanamke wa hapa na bwana wa Kijerumani mara nyingi hakuandikwa popote kwa jina la baba. Ukikosa cheti chake usidhani masimulizi ya nyumbani ni uongo. Katika hali hiyo anza na bwana mwenyewe, umjenge kutoka kwao mpaka alipofika Tanga au Moshi, kisha upime tarehe zake dhidi ya masimulizi. Kipimo cha vinasaba kinaweza kuongeza ushahidi, na aghalabu binamu atakayejitokeza atakuwa Marekani kuliko Ujerumani, kwa sababu vijiji vile vile vilivyomtoa babu vilipeleka watu wengi huko.

Sasa tuseme kijiji umekipata, nacho ni Derendingen. Bado usikimbie. Kuna Derendingen iliyo sehemu ya mji wa Tübingen, na kuna nyingine Uswisi, katika jimbo la Solothurn. Hayo ni mawili tu; ukiambiwa Neustadt, Mühlhausen au Hausen, utapata orodha ya kukukatisha tamaa. Kitabu cha kutofautisha ni Meyers Orts- und Verkehrslexikon, toleo la mwaka 1912, ambalo limewekwa mtandaoni na kila mtu anaweza kulipekua. Limepanga mahali pote pa dola ya Ujerumani ya wakati ule, mpaka vitongoji vya nyumba chache, na kwa kila mahali linataja wilaya na ofisi ya msajili, na kama pana kanisa lake. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Vijiji vingi havikuwa na mchungaji wake, vilihudumiwa na kijiji jirani, na vitabu viko huko jirani. Mtu anaweza kupekua mwezi mzima vitabu vya kijiji sahihi na kukosa kila kitu kwa sababu babu alibatizwa kilomita tatu kutoka hapo.

Jambo la pili la kuuliza ni dhehebu. Kanisa katoliki na la Kilutheri yanaweza kutazamana barabarani, na kila moja lina vitabu vyake, katika hazina tofauti, katika lugha tofauti: Wakatoliki waliandika Kilatini kwa muda mrefu, Walutheri Kijerumani. Vitabu vingi vya Kilutheri viko katika tovuti ya Archion, ambayo ni ya kulipia, na vya kikatoliki vingi viko Matricula, ambayo ni bure. FamilySearch nayo ni bure kwa aliyejiandikisha. Kama kijiji kilikuwa Silesia, Pomerania au Prussia Mashariki, mara nyingi leo kiko Poland au Urusi na kina jina lingine. Hapo utahitaji hazina za serikali ya Poland, au ofisi ya msajili Berlin iitwayo Standesamt I, iliyopokea vitabu vilivyookolewa.

Mstari unaogawa kazi yote ni tarehe 1 Januari 1876. Kuanzia siku hiyo kila mahali katika dola ya Ujerumani serikali iliandikisha vizazi, ndoa na vifo kupitia Standesamt. Prussia ilikuwa imetangulia Oktoba 1874, na upande wa magharibi wa mto Rhine Wafaransa walikwisha kuanzisha utaratibu huo mwaka 1798. Kabla ya hapo, kwingine karibu kote, ni kanisa. Vyeti vya Standesamt vina muda wa faragha: miaka 110 kwa vizazi, 80 kwa ndoa, 30 kwa vifo. Muda ukipita, daftari linahamia hazina ya mji au wilaya na yeyote anaweza kuomba. Muda ukiwa haujapita, mjukuu na kitukuu wana haki ya kupewa, mradi waonyeshe kwa vyeti kwamba ni damu yake. Kwa hiyo kusanya kwanza vyeti vyenu wenyewe, kuanzia cha kwako, ukipanda ngazi moja moja. Anayeruka ngazi hukwama dirishani.

Ninapenda kuwapeleka wanaoanza Württemberg, kwa sababu huko mambo yalipangwa vizuri mno. Mwaka 1808 serikali iliagiza kila usharika uwe na Familienregister, daftari la kaya. Kila ndoa ina ukurasa wake. Juu kushoto utamkuta mume: siku aliyozaliwa, kazi yake, majina ya baba na mama yake. Kulia yuko mke, naye vivyo hivyo. Kati yao tarehe ya ndoa. Chini watoto wamepangwa kwa namba, na mbele ya kila mmoja kuna siku ya kuzaliwa, ya kipaimara, ya ndoa na ya kifo, na aghalabu namba ya ukurasa ambako mtoto huyo alianzisha kaya yake. Pengine utakuta neno moja tu pembeni, Amerika, na safu zilizobaki ni tupu. Kwa ukurasa mmoja umepata vizazi vitatu. Krapf alizaliwa miaka miwili baada ya agizo hilo, kwa hiyo anayemtafuta mtu wa rika lake katika eneo hilo aanze na daftari la kaya, kisha arudi kwenye kitabu cha ubatizo kuhakikisha, maana mchungaji aliyenakili alikosea mara kwa mara.

Majina yatakuchanganya, na ni vizuri ujue mapema yanachanganya kwa njia gani. Mvulana aliitwa Johann Georg, kaka yake Johann Jakob, na wa tatu Johann Michael. Hapakuwa na ubunifu hapo. Jina aliloitwa mtu lilikuwa la pili, na wakati mwingine karani alilipigia mstari. Mtoto akifa, na walikufa wengi, aliyefuata alipewa jina lile lile. Ukimpata Johann Georg aliyezaliwa mwaka unaoutaka, tazama kwanza kitabu cha mazishi, usije ukajenga ukoo mzima juu ya mtoto aliyeishi siku tisa. Mwanamke aliongezewa -in mwishoni, hivyo Müllerin ni binti au mke wa Müller tu. Katika maeneo ya Westphalia mwanamume aliyeoa mrithi wa shamba alichukua jina la shamba, na watoto nao. Ukiona neno genannt kati ya majina mawili, shika yote mawili. Ostfriesland mtoto aliitwa kwa jina la baba yake mpaka Napoleon alipolazimisha majina ya kudumu mwaka 1811, jambo ambalo msomaji wa Lamu au Unguja hatahitaji kuelezwa mara mbili.

Wadhamini wa ubatizo usiwaruke. Kwa kawaida walikuwa shangazi, mjomba, jirani wa karibu. Ukikwama kwa mama wa mtoto usiyejua ukoo wake, orodhesha wadhamini wa watoto wake wote. Jina litakalojirudia mara nyingi lifuatilie. Yamkini ni ndugu zake.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hata Mjerumani wa leo hukiogopa: mwandiko. Vitabu vimeandikwa kwa Kurrent, hati ya mkono ambayo herufi e inafanana na n, h ina vitanzi juu na chini, na u hutambulikana kwa kijipinde kinachokaa juu yake. Sura yake ya mwisho, Sütterlin, iliingia shule za Prussia kuanzia mwaka 1915 na ikaondolewa mwaka 1941. Usijaribu kujifunza kusoma kila kitu. Chukua jedwali la herufi, andika kwa mkono wako jina la ukoo unalotafuta, jina la kijiji, na maneno kumi hivi: amezaliwa, amebatizwa, amekufa, mkulima, mfumaji, binti wa, mjane wa. Yaandike mpaka mkono uyazoee. Kisha ukifungua ukurasa hutasoma, utatafuta umbo, kama unavyomtambua mtu kwa mbali kwa mwendo wake. Programu ya Transkribus inasoma hati hizi na ni msaada mkubwa, ila majina ya watu na vijiji ndiyo yanayoishinda zaidi, na ndiyo hasa unayoyataka. Kumbuka pia kwamba 7ber si mwezi wa saba. Ni Septemba, na 8ber ni Oktoba, kwa hesabu ya Kilatini.

Ukirudi nyuma mpaka karne ya 17 utafika mahali pa giza. Vita vya Miaka Thelathini, kuanzia 1618 hadi 1648, viliunguza vijiji na makanisa yake. Huko Württemberg mwaka wa kutisha ni 1634, baada ya mapigano ya Nördlingen, majeshi yalipoingia na nyuma yao njaa na tauni. Katika vijiji vingi vitabu vilivyopo vinaanza baada ya hapo. Kukiri kwamba ukoo umeishia 1650 ni kazi iliyofanywa vizuri. Anayekuuzia nasaba ya mkulima mpaka enzi za Karl Mkuu anakuuzia hadithi.

Na hata hivyo, kurudi nyuma zaidi siyo raha ya kazi hii. Raha iko pembeni. Sehemu kubwa ya Württemberg watoto wote, wa kike kwa wa kiume, walirithi sawa, na kwa sababu hiyo mali ya kila ndoa iliandikwa siku ya arusi na ikaandikwa tena mmoja wao alipokufa. Hati hizo zinaitwa Inventuren und Teilungen, na mara nyingi ziko hazina ya mji au kijiji chenyewe. Zinaanza na nyumba, au robo ya nyumba, maana hata nyumba ziligawanywa. Vinafuata vipande vya shamba, kila kimoja na majirani zake wa kulia na kushoto. Kisha nguo moja moja na hali yake, vitabu, yaani Biblia na kitabu cha nyimbo, matandiko, vyombo vya bati na vya shaba, ng'ombe, nafaka ghalani, na mwisho madeni, na nani anamdai nani. Mwanahistoria David Sabean aliandika vitabu viwili vikubwa juu ya kijiji kimoja tu, Neckarhausen, kwa kiasi kikubwa kutokana na karatasi za aina hii. Soma hati ya vizazi vitatu mfululizo utaona mashamba yanavyokatwakatwa mpaka hayatoshi kumlisha mtu, na hutauliza tena kwa nini kijana aliondoka. Mwaka 1816 haukuwa na kiangazi, vumbi la volkano ya Tambora likiwa angani, mavuno yakaharibika, na mwaka uliofuata watu waliondoka kwa makundi kwenda Urusi na Marekani.

Hazina nyingine inayosahaulika ni daftari la baraza la kanisa, Kirchenkonvent, lililoanzishwa Württemberg katika miaka ya 1640. Humo mchungaji na wazee wa kijiji waliwahoji waliocheza karata Jumapili, wanandoa waliopigana, na msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa, ambaye alitakiwa kumtaja baba. Kama kitabu cha ubatizo kimeacha nafasi ya baba wazi, jibu linaweza kuwa humu.

Ndugu wa Ujerumani huenda wana kijitabu kiitwacho Ahnenpass. Kipokee kwa shukrani, ila ujue kilivyopatikana. Kuanzia mwaka 1933 utawala wa Hitler uliwalazimisha watumishi wa serikali, na baadaye wengi wengine, kuthibitisha kwamba hawana babu wala bibi Myahudi, na wachungaji wakawa wanakesha kunakili vitabu vya ubatizo. Tarehe za humo kwa kawaida ni sahihi, kwani zilipigwa mhuri. Lakini palikuwa na sababu nzito ya mtu kukatisha ukoo mahali fulani, au kuficha bibi mmoja, kwa hiyo kila mstari uuhakikishe kwenye kitabu chenyewe.

Ukienda kijijini, usiende kwa ajili ya kaburi. Makaburi Ujerumani hukodishwa, kwa kawaida miaka 20 au 30, na familia isipoendelea kulipia, jiwe huondolewa na mahali hapo huzikwa mwingine. Jambo hili huwashtua sana watu wa kwetu. Wala usitegemee kumkuta mchungaji na vitabu mkononi, vingi vimehamishiwa hazina kuu ya kanisa. Nenda kwa mtunza nyaraka wa mji, ambaye mara nyingi ni mstaafu anayefanya kazi siku moja kwa wiki, na umwandikie kabla. Barua iwe fupi, kwa Kijerumani, yenye swali moja: jina, mwaka wa kukadiria, kijiji, dhehebu. Uliza gharama kabla ya kuomba nakala. Barua ya kurasa nne yenye historia ya ukoo mzima huwekwa kando mpaka mtu apate nafasi, na nafasi haipatikani.

Kwa ndugu walio hai, andika barua ya karatasi, si ujumbe wa simu. Barua kutoka Dar es Salaam au Mombasa inayoanza na habari za babu mmoja na mali zake itadhaniwa ni utapeli au madai ya mirathi. Kwa hiyo mstari wa kwanza useme wewe ni nani, wa pili useme huombi fedha wala urithi. Ambatisha nakala ya ukurasa wa ubatizo wa babu yenu wa pamoja, na mchoro mdogo wa ukoo wenye mistari miwili tu, wao na nyinyi. Uliza jambo moja jepesi, kama wana picha yake. Acha anwani yako, na usiwasumbue kwa miezi miwili.